Ufundi wa Silabi za Kifaransa

Silabi ya Kifaransa hupenda kuishia kwenye irabu. Konsonanti moja ikiwa kati ya irabu mbili, huambatana na ile inayofuata: *ami* hugawanywa a-mi. Zikiwa mbili, kwa kawaida huachana, kama katika par-ler. Jozi kama *bl*, *tr* na *cr* hazitengani, ndiyo maana *tableau* ni ta-bleau. Na *ch* au *gn* ni sauti moja tu, haigawanyiki.

Uzuri wenyewe huanza pale neno linapokutana na neno, kwa kuwa mipaka inayoonekana kwenye karatasi hupotea mdomoni. *Une amie* husikika u-na-mie. Katika *les amis*, ile *s* ya *les* iliyokuwa kimya huamka na kutamkwa *z*: le-za-mi. Lakini baada ya *et* hakuna kuunganisha kamwe, na *h* ya *héros*, ijapokuwa haitamkwi, huzuia *z* isipite. Ajabu ni kwamba *h* ya *héroïnes* huiruhusu. Mambo haya hujulikana kwa sikio lililozoea, si kwa jicho.

Mkazo nao hauna makao katika neno. Kiswahili huuweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kifaransa huupeleka mwisho wa fungu zima la maneno. Katika *joli* uko kwenye -li, lakini ikisemwa *un joli jardin*, unahamia -din.

Kipimo halisi cha ustadi ni *e* dhaifu. *Samedi* huandikwa kwa silabi tatu, ila Paris husemwa sam-di. *Vendredi* haikubali kupunguzwa hivyo, kwani *e* ikiondoka konsonanti tatu zitasongamana. Marseille na kusini kwa jumla, *e* nyingi zaidi hubaki hai.

Jukwaani sheria ni kali zaidi. Mshororo wa aleksandrini, aliotumia mtunzi Racine katika tamthilia yake *Phèdre* ya 1677, una mizani 12, na kituo baada ya ya sita. Hapo *e* huhesabiwa ikifuatwa na konsonanti, humezwa mbele ya irabu, na mwisho wa mshororo haihesabiwi. *Lion*, ambayo mtaani ni silabi moja, hutamkwa li-on. Mwigizaji akimeza *e* moja isiyostahili kumezwa, mshororo umepungua mizani, na msikilizaji aliyelelewa na ushairi wa Kiswahili wa mizani nane kwa nane anajua hasara hiyo ni kubwa kiasi gani.