Shaba, Rangi na Maelezo Yaliyokatwa: Uhakiki wa Vipepeo wa Suriname katika Kazi ya Maria Sibylla Merian

Kitabu cha Maria Sibylla Merian, Metamorphosis insectorum Surinamensium, kilichapishwa Amsterdam mwaka 1705 kwa Kiholanzi na kwa Kilatini, kikiwa na michoro 60 iliyochongwa kwenye mabamba ya shaba. Kila mchoro uliambatana na maelezo yake. Jambo hilo la mpangilio husahaulika mara nyingi katika uhakiki wa michoro ya kale ya vipepeo, ilhali ndilo linalopaswa kuutangulia. Wauzaji wa sanaa wa vizazi vilivyofuata walizifumua nakala nyingi, wakauza karatasi mojamoja ili zitiwe fremu na kutundikwa ukutani. Mhakiki anayeanzia kwenye karatasi iliyotundikwa huona umahiri wa mstari na mvuto wa rangi, akadhani ameiona kazi nzima.

Merian alikuwa na umri wa miaka 52 alipoondoka Uholanzi mwaka 1699 pamoja na binti yake Dorothea Maria. Maradhi yalimrudisha mwaka 1701. Huko Suriname aliwafuga viwavi na kuwafuatilia hadi wakawa vipepeo au nondo. Ndiyo sababu karatasi moja hubeba kiwavi, pupa, kipepeo na mmea kwa pamoja, tofauti na desturi ya wakusanyaji waliowapanga wadudu wakavu kwa safu. Kiwavi anatafuna jani huku kipepeo yuleyule, kana kwamba siku zote zimekuwa saa moja, anaruka juu yake. Kulihesabu hilo kuwa kosa la kisayansi ni kutoielewa mbinu yenyewe: Merian anasimulia kwa picha, na msimuliaji ana ruhusa ya kukunja muda.

Suala la rangi ni gumu zaidi. Mtambo ulichapa mistari ya wino mweusi tu. Rangi zilipakwa kwa brashi, nakala baada ya nakala, na nakala nyingine ziliuzwa bila rangi kwa bei ya chini. Baadhi ya nakala hazikutoka moja kwa moja kwenye shaba: karatasi mbichi iligandamizwa juu ya chapa ambayo wino wake haujakauka, ikapatikana picha ya mstari hafifu, isiyo na alama ya ukingo wa bamba na iliyogeuka upande. Mstari hafifu uliifanya rangi ionekane kama mchoro wa mkono mtupu. Kwa hiyo hakuna nakala mbili zinazolingana kabisa, na karatasi isiyojulikana ilikotoka huenda ilipakwa rangi miaka mia moja au zaidi baada ya kifo cha Merian mwaka 1717. Hukumu yoyote kuhusu uteuzi wake wa rangi inayojengwa juu ya karatasi ya namna hiyo haina msingi.

Mchoro wa 9 unadhihirisha kinachopotea. Unaonyesha kipepeo wa buluu wa jenasi ya Morpho kwenye tawi la mkomamanga. Buluu ya Morpho haitokani na rangi iliyomo ndani ya bawa, bali na matuta madogo mno ya magamba yake yanayouakisi mwanga. Bawa likiinamishwa, buluu hubadilika. Rangi ya maji juu ya karatasi haiwezi kufanya hivyo. Merian aliyatazama magamba hayo kwa lenzi, akayafananisha na vigae vya paa, kisha akakiri katika maelezo kwamba mng'ao wake hauwezi kuelezeka. Picha ikiwa peke yake, buluu yake bapa ni upungufu wa msanii. Ikirudishiwa maelezo, inakuwa ushahidi wa mtu aliyejua mpaka wa chombo chake na akausema.

Hasara kubwa zaidi iko kwenye mchoro wa 45. Hapo kuna nondo kwenye mmea wa Caesalpinia pulcherrima, ambao Afrika Mashariki hupandwa bustanini na huitwa mnyonyore. Kwa macho tu, ni mchoro wa kupendeza wa maua mekundu na manjano. Maelezo yake yanaeleza kwamba wanawake wa jamii asilia, waliotendewa vibaya na Waholanzi, walitumia mbegu za mmea huo kutoa mimba ili watoto wao wasizaliwe utumwani. Yanawataja pia watumwa kutoka Guinea na Angola, waliokataa kuzaa, na wengine waliojiua wakiamini watazaliwa upya wakiwa huru katika nchi zao. Merian anasema waliyasema hayo kwake wenyewe.

Hata hivyo, yeye mwenyewe aliwatumia watumwa, wakiwamo waliomfyekea njia msituni, na hakumtaja hata mmoja wao kwa jina. Majina ya wachongaji wake, Joseph Mulder na Pieter Sluyter, yamo katika historia ya sanaa. Wanawake wa mchoro wa 45 hawana jina hata ndani ya kitabu kizima. Walichobakiwa nacho ni maelezo ya ukurasa mmoja, na ukurasa huo ndio usiotundikwa. Mnunuzi wa karatasi hiyo hupewa jina la mmea, jina la nondo, mwaka na bei.