Wimbo wa Ukumbini na Wimbo wa Kanda: Mazingatio Juu ya Wasikilizaji wa Korogwe na Handeni

Imekuwa desturi ya wachambuzi wa nyimbo za Kiswahili kuuchukua wimbo kutoka katika kanda, kuyaandika maneno yake karatasini, kisha kuuhukumu kwa vipimo vile vile vinavyotumika kulihukumu shairi la gazetini: vina vimetimia au havikutimia, mizani imepungua au imezidi, mafumbo yana kina au hayana. Njia hiyo si mbaya, na imetupatia manufaa mengi. Walakini ina upungufu mmoja ninaokusudia kuueleza katika makala haya. Humwacha nje mtu ambaye wimbo ulitungwa kwa ajili yake, yaani msikilizaji aliyelipa kiingilio, akaingia ukumbini, akasikia, akajibu. Dai langu ni kwamba jibu la msikilizaji huyo ni sehemu ya wimbo wenyewe, na kwamba mchambuzi asiyelitia jibu hilo katika hesabu yake huweza kuupa wimbo maana iliyo kinyume cha ile iliyofahamika na walioucheza.

Mifano yangu naitoa katika wilaya mbili za Mkoa wa Tanga, Korogwe na Handeni. Sababu ya kuzichagua si mapenzi ya nyumbani tu. Mahali hapa pawili hapana historia ya kuwa makao makuu ya muziki kama Tanga mjini, Morogoro, Unguja au Dar es Salaam. Ni mahali pa kupokea. Muziki ulikuja kwa njia ya reli, barabara na redio, na kila ulipofika ulikuta watu wenye masikio yao na ngoma zao. Kwa hiyo anayetaka kujua jinsi shabiki anavyoupokea muziki mpya, na jinsi anavyoupima, hupata hapa ushahidi ulio wazi kuliko ule wa mijini, ambako mtungaji na msikilizaji huishi mtaa mmoja.

Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilifika Korogwe mwaka 1902. Mkonge nao, ambao mbegu yake ililetwa na Richard Hindorf mwaka ule ule wa 1893, ulienea kando ya reli hiyo, na mashamba kama Magunga na Ngombezi yakawakusanya watu wa makabila mengi, wale walioitwa manamba. Watu hao hawakuwa na lugha moja ya kuzaliwa, bali walipata lugha moja ya kazi na ya starehe, nayo ni Kiswahili. Handeni ilikuwa na hali nyingine. Ni nchi ya Wazigua, na mji wake uko mbali kidogo na barabara kuu ya kutoka Chalinze kwenda Segera, ijapokuwa Mkata na Kabuku ziko juu ya barabara hiyo. Huko ngoma ya selo iliendelea kuwa kipimo ambacho kwacho kila muziki mgeni hupimwa. Kizigua, Kinguu, Kisambaa na Kibondei ni ndugu wa karibu, hata baadhi ya wataalamu wameziweka pamoja katika tapo moja la Seuta, tofauti na mgawanyo wa Guthrie aliyezitenga katika G20 na G30. Basi mtu wa Korogwe au wa Handeni anapousikiliza wimbo wa Kiswahili, husikia lugha iliyo jirani ya lugha yake, na si ajabu akauitikia kwa lugha zote mbili.

Kwa miaka mingi chemchemi ya muziki mpya ilikuwa Tanga. Jamhuri Jazz na Atomic Jazz walipiga dansi, na Black Star Musical Club na Lucky Star walipiga taarabu. Njia ya kutoka Tanga kwenda Arusha hupita Korogwe, na njia hiyo hiyo ndiyo waliyoifuata ndugu wa Kinyonga, Wilson na George, walioanza muziki katika Jamhuri Jazz, wakaenda Arusha, kisha wakavuka mpaka kuingia Kenya, ambako mwaka 1971 waliunda Simba Wanyika. Ama kwa upande wa taarabu, Black Star ndio waliotia gitaa la umeme na mdundo wa dansi katika muziki ambao hapo kwanza watu waliusikiliza wamekaa. Hapana budi kulitazama jambo hili kwa macho ya shabiki. Yeye aliyezoea kukaa na kusikiliza maneno sasa alialikwa kusimama. Na yeye aliyezoea kucheza dansi bila kujali sana maneno sasa alipewa maneno yenye uzito wa taarabu, yakiimbwa na sauti kama ya marehemu Shakila Said. Mafanikio ya taarabu ya Tanga kotekote Afrika ya Mashariki yalitokana na kuwakutanisha mashabiki wa namna mbili katika ukumbi mmoja.

Neno ambalo mashabiki wenyewe wamelitumia katika kuupima upya wa muziki ni mtindo. Kila bendi ilikuwa na mtindo wake, na kila mtindo ulikuwa na jina. Majina hayo yafaa yachunguzwe na wanaisimu, maana mengi yametolewa katika ngoma za asili. Mlimani Park, iliyoundwa mwaka 1978, ilijiita Sikinde, nayo ni ngoma ya Wazaramo; na ile bendi iliyoanza mwaka 1964 kwa jina la NUTA ilijulikana zaidi kwa jina la Msondo, hata jina hilo la ngoma likayashinda majina yote ya chama cha wafanyakazi yaliyofuatana juu yake. Jina la mtindo lilikuwa kama bendera ya biashara, na mara nyingine tofauti baina ya mtindo na mtindo ilikuwa ya jina tu. Shabiki hodari hakudanganyika. Alitazama jinsi wimbo unavyotoka katika sehemu ya maneno na kuingia katika chemko, yaani sehemu ya pili iliyochangamka. Hapo ndipo alipotambua kama bendi imeleta jambo jipya au imebadilisha nguo tu.

Sasa santuri iliufanya mpito huo uwe na umbo la pekee. Upande mmoja wa santuri ndogo ulichukua dakika chache tu, hivyo nyimbo nyingi za dansi zilikatwa vipande viwili: maneno upande wa kwanza, chemko upande wa pili. Redio nayo ilikuwa na saa zake. Radio Tanzania Dar es Salaam iliwarekodi wanamuziki kwa wingi, na lau kama si kanda zake tungekuwa maskini leo. Lakini wimbo wa redioni ulikuwa na mipaka: ulikuwa na mwanzo uliopangwa na mwisho uliopangwa, na hakuna aliyeweza kuujibu. Kwa wengi wa Korogwe na Handeni huo ndio uliokuwa uso wa kwanza wa wimbo. Uso wa pili waliuona bendi ilipofika.

Nitoe mfano mmoja. Katikati ya miaka ya 1990, nilipokuwa mwanafunzi wa sekondari, bendi moja ya Dar es Salaam ilipiga Korogwe usiku wa Jumamosi. Kulikuwa na wimbo ambao sote tuliujua kwa redio, wa mume anayemlaumu mkewe aliyemkimbia. Katika kanda, mwimbaji hutumia nafsi ya pili umoja: umeniacha. Usiku ule, alipofika kwenye kiitikio, aliugeukia upande waliokaa wanawake, akabadilisha kiambishi kimoja tu: mmeniacha. Kwa badiliko hilo lawama ya mke mmoja ikawa lawama ya wanawake wote waliokuwamo. Wanaume walishangilia. Lakini kiitikio kilipokuja mara ya pili, wanawake walikinyakua. Nao wakabadilisha kiambishi kimoja zaidi, wakaimba mmetuacha, huku wakiwanyoshea wanaume vidole. Wapigaji hawakuukatisha wimbo. Walikizungusha kiitikio mara nyingi kupita desturi, na mwimbaji akalazimika kutunga papo hapo beti za kujitetea. Wengine waliitikia kwa Kisambaa na wengine kwa Kizigua. Chemko ilipoanza, wimbo uliokuwa shtaka la mume ulikuwa umekwisha kuwa malumbano, na ukumbi haukumpa mume ushindi.

Mwanaisimu atatambua mara moja kwa nini jambo hilo liliwezekana. Kwanza, viambishi vya nafsi vya Kiswahili havibagui mwanamume na mwanamke. Neno mmeniacha ni mali ya yeyote anayelichukua, na laweza kumgeukia aliyelitamka kama mkuki unavyookotwa na kurudishwa. Katika lugha ambayo nafsi yake ya pili hutofautisha jinsia, kama Kiarabu, wanawake wangehitaji kulibadilisha neno lenyewe. Pili, mizani haikuvunjika. Umeniacha ina silabi tano. Mmeniacha ina silabi tano vile vile, kwa kuwa m ya mwanzo ni silabi kamili. Na mmetuacha pia ni tano. Tuni iliyapokea mabadiliko yote mawili bila kujikwaa. Basi umahiri wa watu wale haukuwa kelele za walevi kama wengine wanavyodhani. Waliijua sarufi ya lugha yao na wakaitumia kwa shabaha. Na mchambuzi atakayeuandika wimbo huo kutoka katika kanda atasema kwamba unamlaumu mwanamke. Atakuwa amesema kweli juu ya kanda, lakini hatakuwa ameyasema yaliyofahamika Korogwe.

Katika taarabu jibu la msikilizaji lina utaratibu zaidi, nao ni kutunza. Mwanamke huinuka, huenda mbele kwa madaha, huinua noti mahali pa ubeti alipopachagua, na macho yake humwelekea anayemkusudia. Kelly Askew, katika kitabu chake cha mwaka 2002 juu ya muziki na siasa nchini Tanzania, ameeleza vyema jinsi tuzo katika taarabu ya Tanga inavyoweza kuugeuza ubeti wa mapenzi kuwa neno baina ya majirani. Mimi naongeza kwamba tuzo ni namna ya uakifishaji. Mstari uliotunzwa hutengwa na mistari mingine, hupewa mkazo na hupewa mwelekeo. Mapokeo ya miaka ya 1990, wakati TOT na Muungano waliposhindana kwa mipasho, yalikuza tabia hiyo mpaka mtungaji akaanza kutunga kwa ajili ya tuzo. Hapo pana hasara, maana fumbo lilipungua na tusi likakaribia. Hata hivyo hasara hiyo haieleweki mpaka tumtazame aliyeinua noti.

Yuko atakayepinga akisema kwamba kanda ndiyo kazi iliyofikiriwa na kukamilika, na kwamba onyesho la ukumbini ni kazi iliyochakaa: vipaza sauti vibovu, waimbaji waliochoka na safari, beti zilizosahauliwa. Pingamizi hili lina haki yake. Nimesikia maonyesho mengi yasiyofikia nusu ya kanda, na siwasifu wale wanaokuja wilayani wakidhani kwamba watu wa shamba hawana masikio. Wala sisemi kwamba kila kelele ya ukumbini ni fasihi. Nasema tu kwamba kanda na onyesho ni matini mbili, na kila moja yataka kuhakikiwa kwa kanuni zake. Kanda tuiulize juu ya utungo. Onyesho tuliulize juu ya mazungumzo: nani alisemwa, nani alijibu, na mwimbaji alifanya nini baada ya kujibiwa.

Kwa kipimo hicho, tabia iliyoenea siku hizi ya mwanamuziki kusimama jukwaani na kuimba juu ya sauti yake mwenyewe iliyokwisha rekodiwa yastahili kulaumiwa. Kosa lake kubwa si uvivu. Sauti iliyorekodiwa haiwezi kugeuza u- kuwa m-. Haiwezi kukizungusha kiitikio kwa kuwa wanawake wamekinyakua. Shabiki aliyekuja kukutana na wimbo hukuta kanda ile ile aliyoiacha nyumbani katika simu yake, isipokuwa imeongezwa sauti. Ndiyo maana katika Handeni naona vijana walioshiba nyimbo za simu wakiendelea kukusanyika penye selo: huko bado wanaweza kujibu.

Juu ya selo nina neno moja la mwisho kwa watafiti. Pale Chogo, wilayani Handeni, wanaishi watu waliotoka Somalia baada ya vita vilivyoanza mwaka 1991, ambao wahenga wao walitolewa katika nchi ya Wazigua katika karne ya 19 na kupelekwa bonde la mto Juba. Walirudi na Kizigula chao, na wengi wamepewa uraia wa Tanzania. Hapa pana vizazi viwili vya lugha moja vilivyoachana kwa zaidi ya miaka mia moja, na kila kimoja kina nyimbo ambazo kwa mwenzake ni mpya na za kale kwa wakati mmoja. Sijui mahali pengine katika nchi yetu ambapo swali la upya wa wimbo lingeweza kuulizwa kwa uwazi kama huo.

Shaaban Robert alipoandika wasifu wa Siti binti Saad hakutosheka na kuyanakili maneno ya nyimbo. Alimweka mwimbaji kati ya watu waliomsikiliza. Siti alirekodiwa Bombay mwaka 1928, na santuri zake zipo. Lakini mengi tuyajuayo juu ya nguvu ya sauti yake yametoka kwa waliokuwapo. Waliokuwapo Korogwe na Handeni katika siku za Jamhuri Jazz na Black Star ni wazee sasa, na kila mwaka wanapungua. Naomba taasisi zetu ziwatume wanafunzi kwao, wala si kwa kuuliza wimbo ulisemaje, kwani hilo kanda itatuambia. Wawaulize walijibu nini, na jibu hilo liandikwe kando ya ubeti, pamoja na tarehe na mahali, kabla matini hiyo ya pili haijapotea.