Tungamotaka: Ni Taka ya Nani?

Istilahi "tungamotaka" imekwisha kuota mizizi. Katika hotuba na nyaraka za nishati hutajwa kwa maana ya kuni, mkaa, mabua, samadi na kila kitu chenye asili ya uhai kiwezacho kutoa nishati. Hatuna ugomvi na "tungamo", neno ambalo walimu wa fizikia wamelizoea. Ugomvi wetu ni juu ya "taka".

Taka ni kitu ambacho mwenyewe amekikataa. Hebu na twende Mbagala, wilayani Temeke, penye mashine ya kukoboa mahindi. Pumba zitokazo pale hazimwagwi. Wafugaji wa kuku huzinunua kwa fedha taslimu. Vifuu vya nazi navyo huwashiwa moto. Ni nani basi aliyevikataa vitu hivi?

Wala Kiswahili hakikuwa na upungufu. Mpunga peke yake una kumvi, yaani ganda la nje. Una wishwa, makapi yapepetwayo baada ya kutwanga. Una na chuya, punje zilizouponyoka mchi. Mahindi yana mabua na magunzi. Nazi ina makumbi na vifuu. Mfasiri aandikaye "mabaki ya mazao" kwa vyote hivi amejirahisishia kazi, lakini amemnyima msomaji jambo lenyewe.

Jambo lenyewe ni hili. Kumvi zilizofika mashineni zimekwisha kuliaga shamba. Mabua yangali shambani, na kazi yake haijaisha: hufunika udongo usichukuliwe na mvua, huhifadhi unyevu, na yakioza huurudishia rutuba. Yakichomwa, kaboni na sehemu kubwa ya naitrojeni hupotelea hewani. Potasiamu hubaki katika jivu. Ikiwa mabua ya Morogoro yatafanywa mkaa mbadala na kuchomwa Mbagala, jivu lake litatupwa Mbagala. (Bayogesi ina nafuu, kwa kuwa tope lake laweza kurudishwa shambani, mradi shamba liwe karibu.)

Hatari si ya kufikirika. Dar es Salaam hutumia mkaa kuliko mji mwingine wowote nchini, na Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 unakusudia kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Maelekezo mengi yataandikwa. Mkulima akiambiwa kwamba shambani mwake mna taka, atafanya lile alilofunzwa tangu utotoni: atafagia.

Hatudai kwamba "tungamotaka" ifutwe. Imechelewa kukosolewa, na lawama hiyo ni yetu pia. Tunapendekeza ibaki katika takwimu za nishati tu. Kwa yale yaliyomo shambani tuseme "masazo", kwa kuwa asazaye huacha kwa ajili ya mwingine. Kwa yale ya mashineni, "makapi" latosha. Na mfasiri akutanapo na agizo la kukusanya mabaki ya mahindi, kwanza amwulize mtaalamu wa kilimo, kisha aandike bayana: magunzi yachukuliwe, mabua yaachwe.