Makombo Yaliyoishibisha AMD
Xbox ya kwanza ilipotoka mwaka 2001, Microsoft ilinunua chipu zikiwa tayari: kichakataji kikuu kutoka Intel, cha michoro kutoka Nvidia. Hapo ndipo ilipojifunga. Konsoli huuzwa kwa miaka mingi na bei yake dukani haina budi kushuka, lakini mwenye chipu halazimiki kushusha yake. Microsoft na Nvidia walivutana juu ya bei hadi mbele ya wasuluhishi, wakaja kuelewana mwaka 2003. Kwa Xbox 360, Microsoft ilichukua haki za kutumia usanifu wa IBM na ATI, kisha ikatafuta viwanda yenyewe.

Lakini mkataba ninaouona wa busara zaidi ni ule wa AMD, msanifu mwingine wa chipu. Mwaka 2012 kampuni hiyo ilipata hasara ya zaidi ya dola bilioni 1. Mwaka uliofuata PlayStation 4 ya Sony na Xbox One ya Microsoft, mahasimu wakubwa, zote zilitoka na chipu yake. Nvidia ilisema waziwazi kwamba malipo ya kazi ya PlayStation 4 hayakuilipa. Wahandisi wake walikuwa na kazi zenye faida nono zaidi. AMD ilikuwa na vipande vyote mkononi: viini vya kichakataji vya Jaguar, na utaalamu wa michoro ulioletwa na ununuzi wa ATI mwaka 2006. Mteja huchangia gharama za usanifu mapema, kisha hununua chipu kwa mamilioni. Faida ya kila moja ni nyembamba, ila soko halitafutwi tena.

Ubanaji wa gharama unaonekana hata ndani ya chipu. Ile ya PlayStation 4 ina vitengo 20 vya michoro, lakini vinavyofanya kazi ni 18. Chipu kubwa namna hiyo, milimita za mraba 348 hivi, ni rahisi kupata dosari kiwandani. Viwili vya ziada huokoa ile ambayo ingetupwa. Na kwa kuwa kila konsoli lazima iwe sawa na mwenzake, hata chipu nzima kabisa huzimwa viwili vyake.

PlayStation 4 iliuzwa zaidi ya milioni 100. Mwaka 2020 Sony na Microsoft walirudi kwa AMD wote wawili, na haishangazi: kuhamia kwa msanifu mwingine kungefanya iwe vigumu mno kwa konsoli mpya kuendesha michezo ambayo wateja walikwisha kuinunua.