504 au Datsun: Tunapima Nini?

Keroka, mpakani mwa Kisii na Nyamira, ubishi wa wapenzi wa magari ya zamani huanzia Safari Rally. Wa Datsun wanamtaja Shekhar Mehta, mshindi mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982. Wa Peugeot 504 wanajibu: 1975 na 1978. Wacha niseme ukweli, makombe hayanishawishi. Ile 504 ya 1978 ilikuwa na injini ya V6; pikapu iliyobeba ndizi kwenye milima yetu haikuwa nayo.

Kwa ufundi, Datsun 160J ina hoja: kemshafti iko juu, injini inazunguka kwa kasi bila kulalamika. Lakini silinda zake zimechongwa ndani ya bloki. Zikilika, bloki nzima inapelekwa kwenye mashine. Za 504 ni slivu za kuchomoa: fundi anaweka mpya na pistoni zake, mwenye gari anarudi kazini.

Sikatai, Datsun ina mbio. Ila kwa mtu ambaye gari ndilo shamba lake, injini bora ni ile inayofufuliwa karibu na ilipozimia. Hapo mimi ni wa 504.