"So" Ilikuwa Mahali Pake

Mliokuwa kwenye mahafali yale ya kidato cha nne huku Mgeta mlipewa nakala ya risala, na najua nyingi zimeshafungiwa maandazi. Yangu ninayo bado, pamoja na rasimu ambayo mwanafunzi aliiandika kwa mkono kabla risala haijapigwa chapa. Aya ya tatu ndiyo iliyoniudhi.

Rasimu inasema: "The road was cut by the rains, so our vegetables rotted at Nyandira." Risala iliyosomwa mbele ya mgeni rasmi inasema: "The road was cut by the rains, therefore our vegetables rotted at Nyandira." Mhariri kafuta neno moja, kaweka jingine, na sentensi iliyokuwa safi ikaharibika. Sioni pa kumtetea.

Tuirudie taratibu. Vishazi ni viwili, vyote huru. Kila kimoja kingeweza kufungwa kwa nukta yake kikajitosheleza. Vishazi vya namna hiyo Kiingereza huviunga kwa koma pale tu koma inapofuatiwa na kiunganishi cha kweli: and, but, or, nor, for, yet, so. Saba, basi. "Therefore" haimo, wala "however", wala "then". Hivyo ni vielezi. Anayebisha alisogeze neno lenyewe aone. "Our vegetables therefore rotted" inakubalika, tena inapendeza. "Our vegetables so rotted" haikubaliki popote. Neno linaloweza kutembea ndani ya kishazi cha pili ni mali ya kishazi hicho, halikishiki cha kwanza. Kwa hiyo katika risala kazi yote ya kuunga imeachiwa koma, na koma ya Kiingereza haiiwezi. Kama mhariri alikuwa na kiu ya "therefore", angeweka nukta aanze sentensi mpya, au angeweka nukta mkato, kisha "therefore", kisha koma. Njia zilikuwepo. Yeye kabadilisha neno, alama kaiacha ilivyo.

Kilichomsukuma nakijua, na nimekipigia kelele miaka mingi: ile imani kwamba Kiingereza kizuri ni Kiingereza kizito. "So" anaiona ya kitoto, ya herufi mbili. "Therefore" ina kilo. Pacha wa imani hiyo ni somo la kwamba koma huwekwa pale msomaji anapovuta pumzi. Mtu akipanda kutoka Sangasanga hadi Langali kwa miguu atavuta pumzi kila baada ya neno. Je, na koma ziwe hivyo?

Mwanafunzi akikosea hapa ninamwelewa. Kiswahili chetu kinasema "Barabara ilikatika, mboga zikaoza", na ile -ka- imeshamaliza kazi ya kuunga, koma inapumzisha tu. Vivyo hivyo darasani tunakutana na "Although it rained, but we went", iliyotembea moja kwa moja kutoka kwenye "ingawa" na "lakini" zetu. Huyu wetu aliukwepa mtego huo vizuri kabisa. Mtu mzima mwenye kalamu nyekundu ndiye aliyemrudisha mtegoni.

Nimeshaambiwa kwamba hata Kaizari aliunga kwa koma: "I came, I saw, I conquered." Ndiyo, vishazi vitatu vifupi, vya umbo moja, vinavyopigwa kama ngoma. Sentensi ya barabara na mboga haina umbo hilo.

Nakubali kwamba hapa maana haikupotea. Mboga za Nyandira hazimnyongi mtu. Lakini swali la nini kinaungana na nini limewahi kumfikisha mtu kitanzini: Roger Casement, yule konsuli wa Uingereza aliyeanika unyama wa Kongo ya Leopold katika ripoti ya 1904, alishtakiwa London mwaka 1916 kwa sheria ya uhaini ya 1351, na mawakili wakabishana maneno ya mwisho ya kifungu yanaungana na yapi ya mwanzo. Upande wake ulishindwa. Alinyongwa tarehe 3 Agosti mwaka huohuo.

Risala iliyobaki, salamu, ombi la maabara na aya ya mbuzi wa maziwa, iko sawa.

Tulikuwa na wahariri nchi hii. Benjamin Mkapa, kabla ya siasa kumchukua, alisoma Kiingereza Makerere, akaongoza The Nationalist, kisha Daily News. Mwalimu Nyerere alifundisha Pugu kabla ya kuingia Ikulu, na akapata muda wa kumtafsiri Shakespeare. Sidhani kama sentensi ile ingepita kwenye meza ya yeyote kati yao. Leo mhariri wa risala ni yeyote mwenye kompyuta, na wino kwenye printa.

Basi wewe utakayepewa risala ya mwakani: rasimu ya mwanafunzi iweke mbele yako unapochapa, na ukikuta "so" baada ya koma, iache.