Ngoma na Utawala

Msomaji, ukiisoma habari ya Roma ya kale utaona ya kwamba madhabahu na baraza havikutengana. Mwaka 63 kabla ya Kristo Julius Caesar alichaguliwa kuwa kuhani mkuu. Mwaka 59, Bibulus, mwenzake katika utawala, alitangaza kuwa anatazama ishara za mbinguni, ili mkutano wa kupitisha sheria usifanyike. Caesar hakujali, na sheria zikapita. Mwaka 12 kabla ya Kristo Augusto naye aliutwaa ukuhani huo, ukabaki mikononi mwa makaisari.

Usidhani kwamba mambo haya ni ya Roma peke yake. Huko Garsen na kingo za Mto Tana, Wapokomo walikuwa na ngoma takatifu, Ngadji: gogo kubwa lililofukuliwa na kuwambwa ngozi. Ilifichwa, wala si kila mtu aliyeruhusiwa kuiona. Ilipolia iliwaita watu ibadani, na waliokuwa na ngoma ndio waliokuwa na neno katika nchi.

Yatupasa tuipime kwa haki. Ubora wake ni kwamba iliwafunga watu wengi kwa heshima moja, bila jeshi wala gereza. Kasoro yake ni ile ile ya ishara za Bibulus: asiyeruhusiwa kuona hawezi kuhoji. Lakini yako tofauti. Huko Roma ukuhani uliishia kuwa pambo la mtu mmoja. Huku Tana ngoma ilikuwa amana ya wazee, iliyopita uhai wa kila mmoja wao.

Mwaka 1902 maofisa wa Kiingereza waliitwaa Ngadji, na mwaka 1908 ikaingia katika British Museum, London, ikawekwa ghalani. Je, walitwaa mti na ngozi tu? La. Walitwaa sauti iliyowapa wazee haki ya kusikilizwa. Ndiyo maana watu wa Tana wamekwenda kuitazama huko, na kuomba irudishwe.

Basi, msomaji, ukikiona kitu cha kale nyuma ya kioo, usiulize uzuri wake tu. Uliza pia: kilimpa nani amri, na kilipoondolewa, ni nani aliyenyamazishwa?